Traveller au Star Frontiers: uchague upi kwa meza yako?

Ukitafuta mchezo wa mezani wa kuigiza unaohusu safari za anga, na huna haja ya vitabu vipya vinene, majina mawili ya zamani yatakujia haraka. Traveller ulitolewa mwaka 1977 na Game Designers' Workshop ya Illinois, Marekani, kazi ya Marc Miller na wenzake. Star Frontiers ulitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1982. Yote miwili inampa mwamuzi mmoja, yaani anayesimulia kisa na kusimamia kanuni, dunia ya kuendesha, na kila mchezaji mhusika wake. Yote miwili inauzwa kihalali mtandaoni kama faili za PDF, kwa hiyo aliyeko Kampala, Arua au Busia anahitaji kadi inayokubali malipo ya nje na duka la kuprinti, basi.

Hukumu naiweka mbele. Kama wachezaji ni wanafunzi walio likizoni, au watu watakaokutana mara mbili tatu kisha kila mtu aende zake, chukua Star Frontiers. Kama mna watu wanne au watano wazima, wanaoweza kuketi pamoja kila wiki mbili kwa miezi kadhaa, chukua Traveller bila kusita. Star Frontiers unakupa kisa kilichokwisha kupikwa. Traveller unakupa kanuni ambazo zenyewe huzaa visa, na ndiyo maana baada ya miaka karibu hamsini bado kuna watu wanaotumia vile vitabu vyake vitatu vyeusi kama vilivyo.

Dadu kwanza

Hili linaonekana dogo, lakini kwa Uganda ndilo linaloamua mambo mengi. Traveller hutumia dadu za kawaida za pande sita tu, zilezile za ludo. Dadu mbili kwa kila mchezaji zinatosha, na mwamuzi awe na tano kwa sababu bunduki ya leza huhitaji tano. Kabla ya kuanza, ijaribu kila dadu: irushe mara 60 na uandike matokeo. Kila upande unatakiwa kuja karibu mara 10. Upande mmoja ukija mara 18 au zaidi, dadu hiyo iache. Dadu za bei ya chini zenye kona zilizoviringwa vibaya huwa na upande zinaoupenda, na katika mchezo ambao kila kitu ni jumla ya dadu mbili, upendeleo huo utauona.

Star Frontiers hutumia dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, kupata namba ya 1 hadi 100. Hizo hazipatikani kwenye duka la kawaida. Mkiwa na simu, programu ya kurusha dadu inamaliza kazi. Msipotaka simu mezani, njia mbili zinafanya kazi vizuri.

Njia ya kwanza ni dadu mbili za ludo za rangi tofauti. Nyekundu ikija 1, 2 au 3, usiongeze kitu. Ikija 4, 5 au 6, ongeza 5. Nyeupe isome kama ilivyo, ila ikija 6 irushe tena. Jumla yake ni 1 hadi 10, na kila namba ina nafasi sawa. Kwa asilimia utafanya hivyo mara mbili, ukisoma 10 kama sifuri. Inachosha kwenye mapigano.

Njia ya pili ni vizibo kumi vya soda, vimeandikwa 0 hadi 9 kwa ndani, ndani ya mfuko usioonyesha. Chomoa kimoja cha makumi, kirudishe, tikisa, chomoa cha mamoja. Watu wengi husahau kukirudisha cha kwanza. Ukifanya hivyo, namba kama 11, 22 na 33 haziji kabisa, na hesabu yote ya mchezo imeharibika bila mtu kujua.

Karatasi

Vitabu vya Traveller vina ukubwa unaokaribiana sana na A5. Kitabu cha kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 zilizochapwa pande zote na kukunjwa katikati, kwa hiyo vitatu vyote ni kama karatasi 36 na pini sita. Maduka ya uchapaji ya Nasser Road, Kampala, yanafanya kazi hii kila siku, lakini sema mapema mambo mawili: ipangwe kama kijitabu, na karatasi ipinduliwe kwa upande mfupi. Usiposema, utapewa rundo la A4 lenye ukurasa mmoja upande mmoja, au kijitabu ambacho kila ukurasa wa pili uko kichwa chini. Waambie wachape karatasi moja ya majaribio kwanza.

Star Frontiers ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu kisanduku chake kilikuwa na ramani kubwa ya rangi na vipande vya kuwakilisha watu, magari na viumbe. Vipande vibadilishe kwa vizibo au mbegu za omweso (mchezo wa bao). Ramani ndiyo yenye gharama. Ukiichapa vipande vipande kwenye A4 na kuibandika kwa gundi, hakikisha duka halijapunguza ukubwa ili ienee kwenye karatasi, maana vipande havitaungana. Traveller hauhitaji ramani ya mapigano hata kidogo: umbali hutajwa kwa madaraja, kuanzia kushikana hadi mbali sana, na unaweza kuchezwa umeme ukikatika, kwa taa moja ya sola katikati ya meza.

Kuunda mhusika

Hapa ndipo michezo hii inapoachana.

Star Frontiers ni wa haraka. Sifa ziko kwa jozi: nguvu na uhai, wepesi na kasi ya kuitikia, hisia na mantiki, haiba na uongozi. Kwa kila jozi chomoa namba ya asilimia, itazame kwenye jedwali, upate thamani kati ya 30 na 70. 45 ndiyo inayokuja mara nyingi zaidi. Unaruhusiwa kuhamisha hadi pointi 10 kutoka upande mmoja wa jozi kwenda mwingine. Kisha chagua kabila la viumbe, ujuzi miwili wa kiwango cha kwanza, na fedha za kuanzia: namba ya asilimia ukiongeza krediti 250. Mtu aliyesoma anamaliza kwa dakika kumi na tano. Kumbuka hesabu hiyo ya fedha: mchezaji mwenye bahati kuliko wote ana krediti 350, na bastola ya leza ni krediti 600. Mwamuzi asipopanga mwajiri wa kuwapa vifaa, kikao cha kwanza kitageuka malalamiko dukani.

Traveller unakwenda njia nyingine kabisa. Rusha dadu mbili mara sita, kwa mpangilio, bila kubadilisha: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu, hadhi ya kijamii. Kumi huandikwa A, kumi na moja B, kumi na mbili C. Mtu mwenye 78A694 ana nguvu 7, wepesi 8, ustahimilivu 10, akili 6, elimu 9 na hadhi 4. Ana miaka 18. Sasa anatafuta kazi: wanamaji, marini, jeshi la nchi kavu, skauti, wafanyabiashara wa meli, au kundi la wengineo. Kila muhula ni miaka minne, na kila muhula una dadu ya kuponea. Akishindwa kuponea, amekufa, kabla mchezo haujaanza.

Tumtazame huyo wa 78A694 akiomba uskauti. Kuingia ni 7 au zaidi, ila akili 6 inampa nyongeza ya 1, kwa hiyo anahitaji 6: nafasi 26 kati ya 36. Kuponea kwa skauti ni 7 au zaidi, kazi ya hatari kuliko zote sita. Lakini ustahimilivu wa 9 kwenda juu unaongeza 2, na huyu ana 10. Anahitaji 5 tu, yaani asilimia 83 kila muhula. Mihula mitatu yote akiwa hai ni asilimia 58. Mwenzake mwenye ustahimilivu 7 anayejaribu mihula hiyohiyo ana asilimia 20 tu. Kwa hiyo namba ulizorusha tayari zinakuambia ni maisha gani mhusika wako aliweza kuyaishi, na ni yapi yangemuua.

Akifika miaka 30 akiwa hai, skauti huyu amepata ujuzi mara mbili kwa kila muhula, na urubani wa bure juu yake. Anaacha kazi, anarusha dadu za kiinua mgongo mara tatu. Kwenye jedwali la vitu, 6 humpa meli ya skauti ya tani 100, aina ya kuazimwa na idara, yenye uwezo wa kuruka parseki mbili (parseki ni kipimo cha umbali kati ya nyota). Akirusha zote tatu kwenye jedwali hilo, nafasi ya kuipata ni asilimia 42. Anayeng'ang'ania kazini ajue kwamba mwisho wa muhula wa nne, akiwa na miaka 34, mwili unaanza kuchakaa: kila muhula kuanzia hapo kuna dadu za uzee zinazoweza kupunguza nguvu, wepesi na ustahimilivu. Mwenye tamaa ya ujuzi analipa kwa mwili. Sijaona mchezo mwingine wa miaka ile uliofanya uchaguzi huu uwe wa kweli namna hii.

Kasoro zipo, na zitajitokeza siku ya kwanza. Wahusika hutoka bila usawa: mmoja ana miaka 22 na ujuzi mitatu, mwingine 42 na ujuzi tisa. Dawa yake ni kila mchezaji aunde watu wawili, kisha kundi lichague pamoja nani anaingia mchezoni. Kuhusu kifo, toleo la 1981 lina kanuni ya hiari: anayeshindwa kuponea anajeruhiwa na kuondoka kazini baada ya miaka miwili ya muhula huo. Kwa wachezaji wapya itumieni. Wakishauzoea mchezo, rudisheni kifo, kwa sababu bila hofu hiyo kila mtu atakaa kazini mpaka mvi.

Jingine: Traveller wa kwanza hauna kanuni moja ya kutumia ujuzi. Kila ujuzi umeelezwa peke yake, mwingine kwa mistari miwili. Suluhisho ambalo wachezaji wengi walilifikia, na ambalo toleo la kampuni ya Mongoose la mwaka 2008 lililifanya kanuni, ni hili: dadu mbili, ongeza kiwango cha ujuzi, ukipata 8 au zaidi umefaulu. Liandikeni juu ya karatasi ya mwamuzi, mtaokoa mabishano mengi.

Na mhusika wa Traveller karibu hakui tena baada ya hapo. Kujifunza ujuzi mpya ni mpango wa miaka minne ya mchezo. Star Frontiers unatoa pointi za uzoefu kila baada ya kisa, na ujuzi una viwango sita vya kupanda. Vijana wanaopenda kuona namba ikiongezeka watafurahia huu wa pili, na hiyo ni sababu halali ya kuuchagua.

Risasi

Traveller hauna hesabu ya uhai. Madhara yanatolewa moja kwa moja kwenye nguvu, wepesi au ustahimilivu. Kupiga ni 8 au zaidi kwa dadu mbili, pamoja na marekebisho ya silaha, umbali na vazi la kinga. Bunduki ya kawaida inafanya dadu tatu, wastani 10.5. Jeraha la kwanza huenda lote kwenye sifa moja iliyochaguliwa kwa bahati, na sifa ya wastani ni 7. Ikifika sifuri mtu anazimia. Kwa maneno mengine, risasi ya kwanza inayompata mtu wa kawaida kwa kawaida humwangusha. Sifa zote tatu zikiisha, amekufa.

Star Frontiers uko upande wa pili. Uhai wa wastani ni 45. Kupiga kwa silaha ya mbali ni nusu ya wepesi ukiongeza 10 kwa kila kiwango cha ujuzi, kwa hiyo mtu wa wepesi 45 na kiwango cha kwanza ana takriban asilimia 33. Bastola ya leza iliyowekwa kipimo cha chini hutoa dadu moja ya pande kumi, wastani 5.5. Piga hesabu: mtu mmoja anahitaji kama risasi 25 kumwangusha mwenzake. Kikao kizima kitaishia kwenye chumba kimoja. Wachezaji wasiosoma kanuni hadi mwisho hulalamikia mapigano marefu, kumbe leza inaruhusu kupandishwa kipimo. Bastola inafika 10, na kila kipimo ni dadu moja ya ziada na uniti moja ya nishati. Kifurushi kina uniti 20. Weka 5: wastani unakuwa 27.5, na una risasi nne kabla ya kubadilisha kifurushi. Hapo mapigano yanapata ladha, kwa sababu kila risasi ni uamuzi wa matumizi.

Kwa vijana wanaotaka kurushiana risasi na kuamka kesho yake, Star Frontiers unafaa. Kwenye Traveller wachezaji hujifunza mapema kuongea, kuhonga, kujificha, au kupiga risasi kwa kuvizia.

Mkopo wa meli

Hiki ndicho kiini cha Traveller. Mfanyabiashara aliyepanda vyeo vya juu anaweza kustaafu akiwa na meli ya biashara ya tani 200. Bei yake ni krediti (Cr) 37,080,000, na anaipokea ikiwa na miaka 40 ya malipo. Kila mwezi ni sehemu moja ya 240 ya bei: Cr 154,500. Anayejua bodaboda ya mkopo inavyomwamsha mtu alfajiri, hata akiwa na homa, ataielewa meli hii mara moja.

Meli ina nafasi ya tani 82 za mzigo, vyumba kumi, na vitanda 20 vya baridi kwa abiria waliolazwa usingizi. Mruko mmoja, yaani safari ya kutoka nyota moja hadi nyingine, unachukua kama wiki moja, na wiki nyingine inaishia bandarini kutafuta mzigo, kwa hiyo ni safari mbili kwa mwezi. Mzigo unalipa Cr 1,000 kwa tani. Wafanyakazi wanne wa lazima, yaani rubani, mhandisi, tabibu na mhudumu, wanachukua vyumba vinne, vinabaki sita vya abiria wa daraja la juu kwa Cr 10,000 kila mmoja. Vitanda vya baridi ni Cr 1,000. Kila kitu kikijaa, safari moja inaleta Cr 162,000, na mwezi Cr 324,000.

Sasa matumizi ya mwezi. Mkopo 154,500. Mishahara 15,000. Huduma za uhai kwa vyumba kumi, safari mbili, 40,000, na vitanda vya baridi 4,000. Mafuta safi tani 50, kwa Cr 500 kila tani, 25,000. Ushuru wa kutua 200. Akiba ya matengenezo ya mwaka karibu 3,090. Jumla ni Cr 241,790. Faida ni Cr 82,210, lakini kwa meli iliyojaa hadi kitanda cha mwisho. Shehena ikijaa nusu tu, mapato yanapungua kwa Cr 82,000 kwa mwezi. Mnabaki na krediti 210.

Mwamuzi hana haja ya kubuni jambazi wala mzimu. Mwezi unakwisha, benki inasubiri, na anatokea mtu bandarini mwenye kasha lisilofunguliwa anayelipa mara tatu. Wachezaji wenyewe watajiingiza taabuni.

Mtu atasema tununue mafuta machafu, ni Cr 100 kwa tani, tuokoe Cr 20,000 kila mwezi. Bandari za daraja A na B zinauza safi, C na D chafu tu, kwa hiyo mara nyingine hamna hiari. Lakini mafuta machafu yanaongeza 1 kwenye dadu ya mruko mbaya, inayotokea kwa 13 au zaidi. Hiyo ni nafasi 1 kati ya 36 kila mruko. Inaonekana ndogo. Kwa miruko 24 ya mwaka inafika asilimia 49. Na mruko mbaya unaweza kuwatupa hadi heksi 36 (heksi ni kisanduku cha pande sita kwenye ramani ya nyota), pasipo bandari, pasipo mafuta, na tarehe ya mkopo inakuja. Anayeruka akiwa ndani ya vipenyo 100 vya sayari anaongeza 5. Ndani ya vipenyo 10 anaongeza 15, yaani hakwepi. Kwa hiyo mtu anayekimbia polisi ana uamuzi mgumu wa kufanya, na umeandikwa kwenye kanuni.

Linganisha na Star Frontiers. Kisanduku cha kwanza hakina kanuni za meli za anga kabisa! Wahusika ni abiria. Meli zilikuja mwaka 1983 kwenye kisanduku cha pili, Knight Hawks, ambacho kama mchezo wa vita vya meli mezani ni kizuri sana: kila meli ina kipimo cha mwendo na cha kugeuka, na vita vinachezwa kwa vipande kwenye ramani. Ila ujuzi wa urubani unadai kwanza ufundi kiwango cha 6 na kompyuta kiwango cha 2. Mhusika mpya ana viwango vya kwanza viwili tu. Hiyo ina maana ya visa vingi sana kabla mchezaji hajashika usukani, wakati skauti wa Traveller ni rubani tangu muhula wake wa kwanza. Ukiamua kutumia Knight Hawks, punguza sharti hilo liwe ufundi 2 na kompyuta 1, usione haya.

Sayari

Traveller unatoa ramani tupu ya heksi 8 kwa 10, kila heksi ni parseki moja. Rusha dadu moja kwa kila heksi: 4, 5 au 6 kuna mfumo wenye sayari. Utapata kama sayari 40, ambazo ni nyingi mno kwa kuanzia. Zitengeneze kumi na mbili za kona moja, nyingine zisubiri. Kila sayari ni mstari mmoja wa alama. Chukua C564787-6. Bandari ya daraja C: hakuna mafuta safi. Ukubwa 5, kama kilomita 8,000 za kipenyo. Hewa 6, ya kawaida, unapumua bila kifaa. Maji 4, asilimia 40. Watu 7, makumi ya mamilioni. Serikali 8, urasimu wa watumishi wa umma. Sheria 7, hata bunduki ya marisau imekatazwa. Teknolojia 6, kama ya miaka ya 1950 kwetu.

Soma tena hesabu za meli ukiwa na mstari huo mkononi. Mmetua, silaha zimebaki ndani, vipuri vya injini havitengenezwi hapa, kila karatasi inahitaji muhuri, na kila siku mnarusha 7 au zaidi ili polisi wasiwasumbue. Hicho ni kikao kizima kutokana na alama nane. Dola kubwa la Traveller linalotajwa sana, Third Imperium, halikuwemo kwenye vitabu vya 1977. Ramani ya eneo lake la Spinward Marches ilitoka mwaka 1979. Kundi jipya lisianze nalo. Ni historia ndefu ya kusoma, na sayari zenu wenyewe mtazipenda zaidi.

Star Frontiers nao una kitu ambacho Traveller wa mwanzo hauna: viumbe wa kupendeza tangu ukurasa wa kwanza. Dralasite ni bonge laini lisilo na mifupa, linajitengenezea mikono na miguu inapohitajika na linapenda vichekesho vya zamani. Vrusk ana umbo la mdudu, miguu minane na mikono miwili, na akili ya biashara. Yazirian anafanana na nyani, ana ngozi ya kumwezesha kuelea kutoka juu, na mchana huvaa miwani ya giza. Sathar ni adui wa wote. Mtoto wa miaka kumi na mbili anachagua mmoja na kuanza kuongea kwa sauti yake papo hapo. Na ndani ya kisanduku kuna kisa tayari, Crash on Volturnus: maharamia wanaiteka meli, wachezaji wanatoroka na kuangukia jangwani kwenye sayari isiyojulikana. Mwamuzi asiyewahi kuendesha mchezo anaweza kukiendesha akiwa amekisoma jioni moja tu.

Wa tatu, kwa ufupi

Wapo watakaouliza kuhusu mchezo wa Star Wars wa West End Games wa mwaka 1987. Ni mzuri, unatumia dadu za ludo tu, na ulimwengu wake unajulikana hata na aliyeuona kwenye kibanda cha video kwa sauti ya VJ, yule anayetafsiri filamu. Rusha dadu za ujuzi wako, jumlisha, fikia 5 kwa kazi nyepesi sana, 10 nyepesi, 15 ya wastani, 20 ngumu, 30 ngumu sana. Tatizo ni idadi: mtu hodari anarusha dadu saba au nane kwa mara moja, na wachezaji watano wanahitaji dadu za seti nyingi za ludo. Ukiwa nazo, ni mshindani wa Star Frontiers kwa vikao vifupi. Kwa kampeni ya fedha, mkopo na sayari za kubuni, haufikii Traveller.

Yaliyozeeka

Kompyuta za meli za Traveller. Ile ndogo kabisa inachukua nafasi ya tani 1, inagharimu Cr milioni 2, na inaendesha programu chache kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye simu mfukoni hilo linakwaza. Msilirekebishe kwa kubadilisha hesabu zote. Semeni tu kwamba hiyo ni mitambo yote ya kuongoza meli, kulenga silaha na kupiga hesabu za mruko, na mwendelee.

Kundi linalotaka kuandika kanuni zake kwa Kiswahili na kuzigawa shuleni bila hofu ya hakimiliki litazame Cepheus Engine wa mwaka 2016. Umejengwa juu ya kanuni za wazi zilizotokana na Traveller wa 2008, na leseni yake inaruhusu kutafsiri, kuchapa na kusambaza, mradi masharti yake yaambatanishwe. Dadu ni zilezile mbili, kanuni ya 8 imo tayari, na mkopo wa meli umo.

Njia nyingine inawezekana kwa mwalimu au kaka mkubwa anayeendesha meza ya likizo: anza na Volturnus, kisha wahamishe wahusika walewale kwenda Traveller muhula wa shule ukifunguliwa. Gawanya kila sifa ya Star Frontiers kwa 6 na uache mabaki: 30 inakuwa 5, 45 inakuwa 7, 60 inakuwa 10, 70 inakuwa 11. Uhai uwe ustahimilivu, mantiki iwe akili, uongozi uwe hadhi, na elimu irushiwe dadu mbili upya. Kiwango cha ujuzi 1 au 2 kiwe 1, 3 au 4 kiwe 2, 5 au 6 kiwe 3. Mtu mmoja apewe urubani 1 bila masharti, na jina la Vrusk liandikwe kwenye hati ya mkopo wa meli.